Uzi maalumu: Dar hadi Mtwara kwa gari na watoto wadogo. Panga safari kwa saa za mtoto na saa za maji

Wakuu, habari za muda huu.

Kila likizo ya mwezi wa sita ikikaribia napata meseji za aina moja: "Dada, ile barabara ya kusini mlipitaje na watoto wadogo vile? Hawakuwasumbua?" Nimeona niyaweke yote hapa ili kila mwenye nia asome, aongezee na anikosoe.

Bibi yao yuko Lindi, kwa hiyo njia hii tunaijua. Ndani ya gari tuko wanne: mimi, baba watoto, binti wa darasa la kwanza na mdogo wake ambaye hajaanza chekechea. Gari ni Noah. Njia kuu ni lami kuanzia Mbagala mpaka Mtwara mjini, takriban kilomita 560, kwa hiyo hata mwenye gari dogo kama IST anafika bila wasiwasi.

Nisemayo ni hili: watu wengi wanapanga safari ya kusini kama abiria wa basi. Wanatoka Dar asubuhi, wanataka kulala Mtwara siku hiyo hiyo, na watoto wanafika wamevimba miguu, wamelia njia nzima, na hawakumbuki chochote. Pwani ya kusini ina vitu vingi mno vya kumfurahisha mtoto. Kuipita mbio ni kumnyima haki yake. Mimi nasema ikate vipande: Dar–Kilwa, Kilwa–Lindi, Lindi–Mtwara, na kila kipande kiwe na siku yake ya kucheza.

Kutoka Dar

Toka alfajiri, saa kumi na moja hivi. Watoto walale na nguo za safari, uwabebe hivyo hivyo mpaka garini na uwafunge kwenye viti vyao. Mbagala Rangi Tatu na Kongowe zipite kabla ya saa kumi na mbili. Ukichelewa, foleni ya daladala na malori itakukalia hapo, na mtoto ataamka gari limesimama, jua linampiga usoni, na siku yenu imeharibika kabla hata hamjafika Vikindu.

Kuhusu viti vya watoto nitakuwa mkali kidogo. Kumpakata mtoto kiti cha mbele tumezoea, lakini gari likifunga breki ghafla hakuna mkono wa mama unaoweza kumzuia mtoto asiruke. Vipo viti vya mtumba vya bei nafuu. Kikague mikanda na vifungo vyake, uulize kama kimewahi kupata ajali, halafu ukifunge kiti cha nyuma. Mchanga wa chini ya mwaka mmoja kiti chake kitazame nyuma.

Wangu wanaamka tukiwa kati ya Mkuranga na Kibiti. Uji wa ulezi uko kwenye chupa ya chai, mayai ya kuchemsha na chapati viko kwenye kikapu. Kibiti tunasimama kwenye kituo cha mafuta chenye kivuli, wananawa uso, wanakunywa uji, wanakimbia. Kuanzia hapo, kila baada ya saa moja na nusu tunasimama, hata kama wote wametulia. Ukisubiri mpaka mtoto aanze kulia umeshachelewa, hapo hata ukisimama hanyamazi.

Kichefuchefu: mdogo anatapika, hilo tunalijua na tunajiandaa nalo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tunabeba kile kindoo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, cha kuwekea siagi. Kinakaa miguuni pangu. Akibadilika rangi midomoni namshikisha, akimaliza nafunika, tukisimama nasuuza. Kabla ya safari hapewi maziwa wala juisi, anapewa chapati kavu. Simu ya katuni tunaizima barabara ikianza kona, maana kuangalia chini ndiko kunakomchafua tumbo. Dirisha lishushwe kidogo, atazame mbele.

Rufiji hadi Somanga

Ukishapita Ikwiriri, kama wamelala waamshe. Daraja la Mkapa linakuja, karibu kilomita moja la urefu, na chini yake ni Rufiji wenyewe, mto mpana wa rangi ya udongo. Punguza mwendo ila usisimame juu ya daraja. Na usiwashushe watoto kando ya mto kuchungulia maji, kwani Rufiji una mamba na viboko.

Bibi yao huwasimulia kwamba daraja hili lilipofunguliwa mwaka 2003 watu wa kusini walishangilia kama wamepata nchi mpya. Kabla yake kivuko kilikuwa pantoni pale Ndundu. Pantoni likiharibika mnalala kando ya mto, na mvua ikinyesha, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa tope la kumeza magurudumu ya basi. Safari ya Dar–Lindi ilihesabiwa kwa siku. Binti yangu aliposikia hivyo akauliza, "Sasa bibi ulikula nini huko?" Bibi akamjibu: mihogo ya kuchoma na samaki wa mto. Tangu siku hiyo, kila tukivuka anatafuta kwa macho mahali bibi alipolala.

Somanga ndipo mahali pa chakula cha mchana. Samaki wanakaangwa pale pale barabarani, pweza wapo, ngisi wapo. Kwa mtoto nakushauri uchukue nguru: mfupa wake mkubwa uko katikati na unauona. Changu na tasi ni watamu lakini wana miiba midogo, na mwiba ukimkwama mtoto kooni njiani, hospitali haiko jirani. Agiza cha moto kinachotoka kwenye mafuta, usichukue kilichokaa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi.

Angalizo la majira. Somanga hapo hapo ndipo barabara ilipokatika Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipobomoa makalavati na madaraja, magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Mwenye watoto asiende kusini masika yakiwa yamekolea. Juni mpaka Oktoba njia ni kavu, na kipupwe hakimchoshi mtoto kwa joto.

Kilwa, na hapa sina haraka

Nangurukuru unaacha njia kuu, unakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Kwa mwendo wetu wa kusimamasimama tunaingia alasiri, na tunalala Kilwa usiku zaidi ya mmoja. Jioni ya kwanza hatuendi popote isipokuwa ufuoni, Jimbizi, watoto wakatoe uchovu.

Sasa nije kwenye saa za maji. Maji ya pwani yetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanapwa mbali sana kisha yanarudi kwa nguvu. Siku za maji mafu hayaendi mbali. Ukifika mahali usimuulize mhudumu wa hoteli, muulize mvuvi: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu papo hapo. Kuogelea na wadogo tunaogelea maji yanapoanza kujaa juu ya mchanga safi, mimi na baba yao tukiwa ndani ya maji tumesimama upande wa bahari kuu, wao upande wa nchi kavu. Maji yakipwa, wavishe raba kuukuu, kwa sababu kwenye mwamba na majani ya bahari kuna wale wadudu wa miiba myeusi, na mwiba wake ukivunjikia kwenye unyayo ni kilio cha usiku kucha.

Kwa watoto, maji kupwa yana raha kuliko kuogelea. Mdogo wangu alichuchumaa mbele ya kidimbwi kisichozidi sinia, ndani mna kaa mmoja mdogo na samaki wawili wembamba, na akakataa kuondoka. Kila kaa alipoingia chini ya jiwe, yeye alimwita: "Toka!" Wamama waliokuwa wanarudi kuchokoa pweza, ndoano begani, walisimama wakamwonyesha tundu la pweza: kokoto na makombe yaliyorundikwa mlangoni. Hilo hakuna shule iliyomfundisha.

Kilwa Kisiwani mwende asubuhi. Pale Masoko mnapata kibali, mnalipia, mnapewa mwongoza wageni, mnavuka kwa boti. Miezi ya kusi upepo unazidi mchana na mawimbi yanapanda, ilhali asubuhi mkondo ni shwari. Kabla hamjaingia, ombeni jaketi okozi la mtoto, la kipimo chake. La mkubwa linamvuka kichwani akiangukia majini. Siku moja tuliletewa ya wakubwa tu. Baba watoto akasema kwa upole kwamba hatupandi. Nahodha akatuma kijana, na baada ya muda yakaja mawili madogo. Yapo, ila lazima useme.

Kisiwani usimmiminie mtoto tarehe. Mpe vitu vitatu. Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba, aingie asimame katikati. Gereza, ile ngome ya ufuoni, Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505, na inayoonekana leo ni kazi ya Waomani baadaye. Halafu Husuni Kubwa, jumba la Sultan al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, juu ya genge linalotazama bahari. Mle ndani kuna birika la kuogelea lenye pembe nane. Binti aliingia ndani yake, likiwa kavu, akalizunguka akigusa kila pembe na kuhesabu kwa sauti, akafika nane, akarudia tena kuhakikisha. Kisha akauliza kama watoto wa sultani walijua kuogelea. Mwongozaji alicheka, akamwambia mji huu ulikuwa na fedha zake wenyewe, sarafu za shaba, na baadhi zimeokotwa mbali sana, mpaka Australia. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331. Magofu haya na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na watoto wetu wengi wanaijua Dubai ya kwenye televisheni kabla ya kuijua Kilwa yao. Hilo linaniuma kweli.

Songo Mnara yenyewe msubiri wakue. Ni mbali kwa boti, na mnashukia majini.

Kilwa Kivinje tunapita kwa saa chache tu. Majumba ya zamani yamechakaa, mitaa imetulia, na kumbukumbu za Vita vya Maji Maji ziko hapo. Kwa umri wa wangu nimewaambia tu kwamba hapa babu zetu waliuawa kwa kukataa kutawaliwa. Mengine wataulizia wenyewe.

Lindi

Kwetu Lindi ni kwa bibi, kwa hiyo sina la kusema kuhusu hoteli. Ila kuna kitu kimoja ninachokidai kwa kila mzazi: mwanao akipenda dainosaria, mpeleke ufuoni Lindi mjini umwambie kwamba mmoja wa dainosaria warefu kuliko wote waliosimamishwa katika makumbusho duniani alitoka hapa. Mifupa ilichimbwa Tendaguru, ndani huko kaskazini magharibi ya mji, kati ya 1909 na 1913. Wachimbaji walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, na aliyeaminiwa kusimamia kazi alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kichwani na begani, kwa mguu, siku kadhaa mpaka bandarini, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Leo dainosaria huyo yuko Berlin, amesimama zaidi ya mita 13. Binti alitaka kuonyeshwa mita 13 ni ngapi. Baba yake alihesabu hatua 13 ndefu mchangani, akamwambia: sasa zisimamishe hizo ziende juu. Alinyanyua uso taratibu mpaka akapiga mwereka.

Mikindani na Mtwara

Lindi–Mtwara ni karibu, mnapita Mingoyo, mikorosho pande zote. Simama Mikindani kabla hujaingia mjini: ghuba yake imezungukwa na nchi kavu na maji yametulia, mibuyu, Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kwa watoto, kilichonoga zaidi ni ubuyu uliookotwa chini ya mti wenyewe.

Ufuo wa Msimbati nawaachia wenyeji wa Mtwara waueleze chini hapo. Tiririkeni.

Mdau wa Mtwara:
Dada umetutendea haki watu wa kusini. Msimbati unapita Madimba, penye mtambo wa gesi, na kipande hicho si lami yote, mchanga upo. Gari dogo likienda lipunguziwe upepo kwenye tairi. Ni eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio. Kuanzia Agosti hadi Oktoba nyangumi wanapita, ukiwa na bahati unawaona wakipuliza maji. Na usiruhusu watoto waoge bila kumuuliza mvuvi habari za mkondo.

Mleta uzi:
Ahsante sana mkuu. La mkondo nalitilia mkazo mara mbili.

Mchangiaji wa Kigamboni:
Mama, mimi nina pacha wa miezi minane. Naogopa malaria. Kusini si ndiko mbu wengi?

Mleta uzi:
Shoga yangu, hofu yako ina msingi, Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Beba chandarua chako chenye dawa, usitegemee cha gesti. Kuna gesti tuliingia, chandarua kimetoboka mpaka kichwa cha mtoto kinapita, na chetu ndicho kilichotuokoa. Jioni wavishe mikono mirefu. Homa ikipanda, usiseme ni uchovu wa safari, nenda siku hiyo hiyo ukapime kile kipimo cha haraka. Hospitali za kuziweka kichwani: Kinyonga pale Kilwa Kivinje, Sokoine Lindi mjini, Ligula Mtwara. Beba na ORS na zinki kwa ajili ya kuharisha. Pakiti ya ORS ni kwa lita moja ya maji safi, usipunje maji wala usiyaongeze. Pacha wako wa miezi minane endelea kuwanyonyesha kila mnaposimama, hilo litakusaidia kuliko kopo lolote.

Mdau wa Temeke:
Mkuu, vipi trafiki? Naambiwa njia hiyo tochi za kupima mwendo ni nyingi.

Mleta uzi:
Zipo. Kila kijiji kina kibao cha 50, na matuta juu yake. Mimi nazipenda hizo 50. Vijiji vya njia hii vimekaa barabarani kabisa, na saa nane mchana watoto wanatoka shule wakitembea ukingoni. Nenda 50 ya kweli, huna haja ya kuogopa tochi. Na usiendeshe usiku. Ng'ombe, mbuzi, malori yaliyoharibika bila taa, na nyani asubuhi na mapema. Saa kumi na mbili jioni gari liwe limeegeshwa.

Mchangiaji aliye Muscat:
Sisi tunakuja na watoto Desemba, wamezaliwa huku, hawajaona kwao Kilwa. Tunaweza kuunganisha na Mafia?

Mleta uzi:
Karibuni nyumbani ndugu zetu. Mafia mnakatia Bungu kwenda bandari ya Nyamisati, kisha chombo. Desemba ni msimu wa papa potwe na kaskazi ndiyo inaanza kuvuma, bahari ina nafuu. Lakini kwa chini ya miaka sita nisingefanya Mafia na Kilwa safari moja. Chagueni Kilwa kwanza, kama ndiko kwenu. Joto la Desemba ni kali hata kwa waliozoea Muscat, kwa sababu huku mtakuwa nje muda wote. Kofia, maji ya kunywa, na saa tano mpaka saa tisa wakae kivulini. Watafutieni mtu mzima wa ukoo wenu awatembeze Kisiwani badala ya kuwaachia simu.

Mdau wa Lindi:
Kwa hao wa Muscat: Desemba korosho mpya ipo. Nunueni iliyobanguliwa vizuri, na msiwaache watoto wakatafuna ganda la korosho mbichi, mafuta yake yanababua midomo.

Mleta uzi:
Hili nilikuwa nimelisahau kabisa kuliandika, ubarikiwe. Hata bibo likiwa bado na korosho yake, mpe mtoto baada ya kuikwanyua wewe mwenyewe. Na utomvu wa bibo ukidondokea nguo hautoki, mvishe ya kuchezea.

Mwenye kutaka orodha ya vitu ninavyofungasha kwenye begi la mdogo aniambie, nitaiweka hapa hapa kesho jioni watoto wakilala.